Alicheza Kabla ya Kupona

Mtu hapandi farasi kwa kusimama kutwa nzima. Anaweza kusimama kwenye vikuku vya tandiko akiruka mtaro, au akilikimbiza dume la nyati wa kufugwa lililochepuka kundini, halafu anakaa. Lourival hakukaa. Tangu maji ya mbugani yaanze kupungua alikuwa anakwenda kazini amesimama na anarudi amesimama, magoti yamekunjika, makalio yako hewani, na jioni mapaja yanamtetemeka kama ya ndama aliyezaliwa sasa hivi.

"Kompadre," Bié alimwambia, "wewe na hilo tandiko mmegombana?"

Bié ndiye aliyemsimamia binti wa Lourival ubatizo, na tangu siku hiyo waliitana kompadre, hata wakitukanana.

"Mgongo," Lourival akasema.

"Mgongo gani huo unaokaa matakoni?"

Wachungaji wengine wakacheka. Mmoja akasema Lourival anapanda farasi kama kuku anayetafuta pa kutagia. Lourival akacheka nao, kwa sababu asingecheka wangeuliza zaidi.

Haukuwa mgongo. Ulikuwa uume, tuseme wazi. Govi lake halikuwahi kufunguka sawasawa tangu utotoni, na hakuna aliyemwambia kuwa linatakiwa kufunguka na kuoshwa ndani. Baba yake alimfundisha kurusha kamba, kukamua, na kuogelea na farasi wakati mbuga imejaa. Hilo jingine hakumfundisha, kwa sababu naye hakufundishwa. Basi chini ya ngozi kukaota kitu. Mwanzo kilikuwa chunjua, punje tu. Kikakua kikawa kama kichwa cha koliflawa, kigumu, cheupecheupe, kikaisukuma ngozi mpaka ikapasuka, kikachungulia nje. Kikawa na harufu. Harufu hiyo ndiyo iliyomtoa chumbani. Alifungua bembea yake ya kulalia akaenda kuifunga jikoni, akasema ndani kuna joto.

Na akafanya kile ambacho kila mtu wa kisiwa chao cha Teso Grande hufanya akiota chunjua. Alichukua korosho mbichi, akayabana maganda kwa koleo mpaka yakatoa yale mafuta meusi, akapaka. Baba yake alimchoma chunjua za vidole hivyohivyo, zikakauka, zikadondoka. Lakini kidole ni kidole. Alipopaka huku, aliuma mkanda wa ngozi ili asipige kelele, akatoka mbio mpaka dimbwini, akajitosa hadi kiunoni katikati ya nyati waliokuwa wamelala humo. Nyati walimtazama tu. Juu pakaungua, pakawa magamba, magamba yakabanduka, na chini Lourival akaona kama pamepungua. Akapaka tena. Ikawa ndiyo dawa yake.

Mkewe, Joselma, alikuwa mvunja nazi za babasu, zile ndogo ngumu za porini. Kazi hiyo inafanywa kwa kukaa chini, shoka limelazwa makali juu na mpini umekaliwa, nazi inawekwa kwenye makali, inapigwa kwa rungu. Mwanamke anayefanya kazi hiyo miaka ishirini hana mkono wa kubembeleza.

"Ni nani?" alimuuliza mumewe.

"Nani nini?"

"Huyo mwanamke. Mtu halali jikoni na paka bila sababu."

"Hakuna mwanamke."

"Basi kuna mwanamume?"

"Joselma, niache."

Hakumwacha. Asubuhi moja alikuwa anafua, akainua kaptura ya mumewe kwenye mwanga, akaona usaha na damu. Akaja jikoni na ile kaptura mkononi.

"Vua."

"Nachelewa kazini."

"Vua, Lourival. Nimekuzalia watoto, una nini ambacho sijakiona?"

Akavua. Joselma alitazama kwa muda, akarudi nyuma, akaketi juu ya kinu. Hakulia. Alisema tu, "Kesho tunavuka."

Kuvuka ni kupanda kivuko cha kwenda mjini São Luís, kukata ile ghuba nzima. Watu walilala kwenye viti, wakala karanga, wakacheza karata. Lourival alizunguka sitaha tangu ng'ambo moja mpaka ng'ambo ya pili, mpaka mlinzi akamuuliza kama amepoteza mtoto. Hapo sitahani, akiwa ameshika chuma cha pembeni, ndipo alipoweka nadhiri. Alimwambia Mtakatifu Gonçalo, kimoyomoyo: uniondolee hiki kitu, nami nitakuchezea ngoma yako nyumbani kwangu, mizunguko yote, mbele ya watu wote, na chakula juu yangu. Joselma alielezwa kabla hawajashuka.

Daktari aliyempokea alikuwa mwanamke mfupi, jina lake Ivonilde, miwani imening'inia shingoni kwa kamba.

"Hakuna daktari mwanamume?" Lourival aliuliza.

"Yupo. Yuko likizo. Na yeye angekwambia uvue suruali vilevile. Lala."

Akalala. Daktari akavaa glavu, akapapasa, akabonyeza kinena upande huu na upande ule, akainama karibu kabisa.

"Umepaka kitu hapa?"

"Maji na sabuni."

"Mafuta? Majani? Tindikali ya betri? Usinifiche, hapa nimeshaona kila kitu."

Koridoni Lourival alikuwa amemsikia nesi akimfokea mzee mmoja aliyejipaka lami. "Sijapaka kitu, daktari," akasema.

Daktari akapiga sindano ya ganzi, akakata kinyama kidogo hapo juu, akakitia kwenye kichupa.

Jibu lilipotoka, Lourival alikwenda kulichukua peke yake, kwa sababu mtoto wao mdogo alikuwa na homa na Joselma amebaki naye. Daktari Ivonilde alisoma karatasi, akaisoma tena, akaiweka mezani kama mtu anayeweka sahani chafu.

"Maabara hawakuona saratani katika kipande hiki. Wameona chunjua na ngozi iliyokufa."

Lourival akageukia mlango.

"Kaa, sijamaliza."

"Naona raha nikisimama, daktari."

"Basi sikiliza ukiwa umesimama. Mimi jibu hili siliamini. Hicho kitu nimekiona na nimekishika. Kipande tulichokata kilikuwa cha juujuu. Nataka kingine, cha chini kabisa, na safari hii utalazwa, utapewa dawa ya usingizi. Njoo wiki ijayo. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Alikuwa amesikia maneno mawili tu, hakuna saratani, na baada ya hapo masikio yake yaliziba. Aliteremka ngazi za hospitali akiwa na haraka ya mtu aliyeokota kitu na anaogopa mwenyewe atatokea.

Nyumbani alimwambia Joselma yale maneno mawili. Joselma akautia uso shatini mwake, akalia kilio ambacho hakulia siku ile ya kinu, kisha akajifuta na kuuliza, "Na dawa?"

"Hakuna dawa. Ni chunjua. Itaondoka."

"Na ile nadhiri?"

"Tuifanye Jumamosi."

Wakachinja nguruwe. Wakapika wali, maharage, na unga wa muhogo wa kukaanga gunia zima, na watu wakaja na mitumbwi kutoka visiwa vyote vya jirani, kwa sababu ngoma ya Mtakatifu Gonçalo haikataliwi. Wanawake walivaa nguo nyeupe na riboni, wakapanga safu mbili mbele ya meza ya mtakatifu. Wapiga gitaa wakakaa pembeni. Wazee wa kike walimtania Lourival kwamba mtakatifu huyu ni wa kuwatafutia waume wanawali waliochakaa; je, yeye ametafutiwa nani?

Mwongozaji wa ngoma alikuwa Seu Abdias, yaani Bwana Abdias, mwenye duka la mafuta ya taa na betri, mtu mwembamba anayependa mambo yaende kwa utaratibu. Kabla ya mzunguko wa kwanza, mwongozaji humsimamisha mwenye nadhiri mbele ya meza na kumuuliza kwa sauti, watu wasikie. Ndivyo ilivyo. Asiyepokea hachezi.

"Lourival, ulichoomba umepokea?"

Gitaa zikanyamaza. Lourival alihisi kile kitu kikimpwita ndani ya suruali mbili alizovaa, na tambara alilolikunja katikati.

"Nimepokea," akasema.

Ngoma ikaanza. Mwenye nadhiri hucheza mizunguko yote, mbele ya safu, na haruhusiwi kukaa mpaka iishe. Kukaa hakukuwa shida yake. Shida ilikuwa kuruka. Kila aliporuka alihisi kama amefungiwa kaa la moto. Mzunguko wa nne damu ilianza kuteremka pajani, ya moto kwanza, kisha ya baridi, na yeye anatabasamu na kupiga makofi.

"Mgongo umepona!" Bié alipiga kelele kutoka mlangoni, mfupa wa nguruwe mkononi. "Mwoneni kompadre wangu anavyoruka!"

Baada ya ngoma hiyo Lourival hakupata pa kujiweka. Kitu hakikupungua, kilichimba. Alipaka yale mafuta, kikaungua juu, chini kikaendelea. Aliifunga bembea yake jikoni, akaifungua, akaifunga ukumbini, akaifungua, akaenda kuifunga kwenye banda la matandiko, na huko nako akaamka kabla ya jogoo akizunguka zizi. Chakula alikila amesimama dirishani. Joselma akizungumza naye, anajibu, halafu anagundua hajui alichojibu.

Edinalva, dada wa afya anayezunguka visiwa kwa pikipiki wakati wa kiangazi, mbuga ikikauka, alimkuta njiani.

"Seu Lourival, hospitali wanakutafuta. Daktari anasema ulikuwa na siku yako hukwenda."

"Nitakwenda."

"Lini?"

"Nikimaliza kuhesabu ndama."

Alipoisikia tena ile pikipiki, baadaye, alimwingiza farasi kwenye matete na kukaa humo kimya, mbu wakimla, mpaka mlio ukapotea.

Haikuwa kwamba hakuogopa kufa. Aliogopa sana. Lakini kila alipofikiria kurudi, alimwona Seu Abdias mbele ya meza, na safu mbili za nguo nyeupe, na yeye mwenyewe anasema nimepokea. Kurudi hospitali ni kusema kwamba alimdanganya mtakatifu uso kwa uso, tena mbele ya watu waliokuwa wanakula nguruwe wake. Mtu wa mbali ataona ni upuuzi. Kichwani mwa Lourival jambo hilo lilisimama kama nguzo ya zizi, lisukume utakavyo.

Kisha asubuhi moja alisimama nyuma ya zizi kukojoa, Bié yuko kando yake anakojoa pia, wanazungumza habari za dume lililovunja uzio. Mkojo wa Lourival ukatoka mahali patatu. Ulitoka mbele kidogo, na ulitoka pembeni, na ulitoka chini, kama ndoo iliyotobolewa kwa msumari.

Bié akacheka, kwa sababu kucheka kwake kulikuwa kama kupumua. Halafu akatazama vizuri, akaacha kucheka.

"Kompadre."

"Nyamaza."

"Huo si mgongo."

"Nimesema nyamaza, Bié."

"Mimi nitanyamaza. Lakini huyo mwenzako hanyamazi. Mtazame."

Lourival alifunga suruali, akapanda farasi, akaenda upande wa mbuga ambako hakukuwa na nyati wala kazi. Bié hakumfuata. Bié alivua kofia, jambo asilolifanya hata kanisani, akaenda moja kwa moja kwa Joselma.

Lourival aliporudi alimkuta mkewe uani, amekalia mpini wa shoka lake, rundo la nazi kulia, kapu kushoto. Hakuinua kichwa. Alipiga nazi, ikapasuka.

"Bié amekuja," akasema. Akapiga nyingine. "Nimemtuma amlete Edinalva. Edinalva amenieleza." Akapiga. "Daktari alikwambia urudi."

"Alisema hakuna saratani."

"Alisema urudi!" Rungu likateremka, nazi ikaruka vipande mpaka kwenye miguu ya kuku. "Nikuulize, Lourival. Ulipoteremka zile ngazi ulikuwa unajua?"

Alitembea mpaka kwenye uzio, akarudi. "Nilijua nusu."

"Na nusu ya pili ukanificha mimi. Nikachinja nguruwe."

"Sasa nikirudi watu watasemaje? Nilisema mbele ya meza. Nilisema nimepokea. Mtakatifu atanifanya nini mimi niliyemwambia uongo?"

"Atakufanya nini zaidi ya hicho ulicho nacho? Unakojoa kama chujio!"

Lourival akaanza tena kwenda kwenye uzio. Joselma akaweka rungu chini, akasimama, akajipangusa maganda kwenye sketi.

"Acha kunizungusha kichwa. Twende kwa Seu Abdias."

"Kufanya nini?"

"Kumuuliza yeye anayejua ngoma. Mimi najua nazi tu."

Seu Abdias alikuwa anapanga betri kwenye rafu. Alisikiliza maelezo ya Joselma tangu mwanzo hadi mwisho, bila kukatiza, na Lourival anatembea kutoka mlango wa duka mpaka kwenye pipa la mafuta na kurudi. Joselma hakuficha kitu. Alipofika kwenye mkojo, Seu Abdias aliacha betri.

"Kwa hiyo hukupokea," akamwambia Lourival.

"Sikupokea."

"Ulisema umepokea."

"Nilisema."

"Basi hukuondoa nadhiri yoyote. Mtu hawezi kulipia ng'ombe ambaye hajaletwa. Ulitulisha nguruwe, tukashukuru, tukaenda zetu. Ile haikuwa ngoma, ilikuwa karamu." Aliwaza kidogo, anapenda mambo yaende kwa utaratibu. "Ukipona, utacheza upya. Mizunguko yote. Na nguruwe mwingine."

"Na mtakatifu?"

"Mtakatifu gani atakasirika kwa kuchezewa mara mbili? Mke wako ndiye wa kukasirika, nguruwe ni wake. Nenda hospitali, wewe. Unaninukia dukani."

Lourival alitoka nje, na kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze alijua aelekee wapi. Hakupoa, la. Alikuwa na hofu ileile, ila sasa ilikuwa na njia.

Daktari Ivonilde hakumfokea. Hilo lilimtisha zaidi.

"Daktari," Lourival alisema kabla hajaulizwa, "nilikuwa napaka mafuta ya ganda la korosho."

"Mara ngapi?"

"Kila kilipokua."

Daktari akavua miwani. "Ndiyo maana. Ulikuwa unachoma paa, sisi tukakata kipande cha paa, tukakuta majivu. Aliye ndani ya nyumba hatukumgusa."

Wakamlaza, wakakata cha chini. Siku za kungoja jibu alizunguka koridoni mpaka wasafishaji wakamjua kwa jina, wakampa fagio, wakasema kama ni kutembea basi atembee na kazi. Akafagia. Joselma alikaa kwenye benchi akishona riboni, akimwona anapita, anarudi, anapita.

Wodini walikuwamo wanaume wengi wenye tatizo lilelile, kutoka bara na visiwani, na baada ya siku ya kwanza haya iliwaisha wakawa wanataniana kama watoto mtoni. Kitanda cha jirani kilikuwa cha Adailton, kijana fundi wa matofali.

"Hebu tuone ya kwako," Adailton alimwambia. "Lo! Hiyo ni mboga ya watu sita."

"Na yako?"

Adailton akafunua shuka. Kidonda chake kilikuwa kidogo, kama dengu, chekundu. Lourival alishangaa. "Wewe umelazwa kwa hicho?"

"Wanasema changu kina jina refu na mbio. Kidogo hivyo, lakini kimeshafika hapa." Akagusa kinena, pande zote mbili, palipovimba chini ya bandeji. "Chako kikubwa, labda kivivu. Omba kiwe kivivu."

Lourival hakujua pa kuyaweka macho. Akachukua fagio.

Jibu lilipokuja, Daktari Ivonilde aliwaita yeye na Joselma pamoja, akamwambia Lourival akae, na safari hii akakaa, pembeni mwa kiti, upande mmoja.

"Ni saratani," daktari akasema.

Joselma akamshika mumewe mkono kwa ule mkono wake wa rungu.

"Lakini zipo aina nyingi, na hii yako ni ya nadra. Mimi nimeiona mara chache tu tangu nianze kazi. Umewahi kumchimbua kakakuona?"

"Mara nyingi. Farasi wanavunjika miguu kwenye mashimo yake."

"Mlango wa shimo unauona hapa, kakakuona yuko wapi?"

"Kule. Ana njia nyingi huko chini."

"Hii ni hivyo. Inachimba vishimo na vichochoro kwenda ndani, ndiyo maana mkojo umepata milango mingi. Ukikata mlangoni humwoni. Ila ina sifa moja nzuri: inachimba palepale ilipo. Haina tabia ya kukimbilia mbali mwilini. Uvimbe wa kinena chako naona ni wa usaha, umepungua kwa dawa. Nitaendelea kukupapasa kwa miaka, uniweke akilini. Lakini nikiikata yote, na pembeni nikaacha nyama safi, una nafasi kubwa ya kuzeeka."

"Utakata kiasi gani?" Lourival aliuliza.

"Sijui mpaka nifuate vichochoro. Vikiishia karibu, nitakuachia kipande cha kutosha, utakojoa umesimama, na mengine mtajifunza wenyewe. Vikiwa vimefika kwenye shina, nitaondoa yote, nitakutengenezea njia ya mkojo huku chini, nyuma ya korodani. Utakojoa umechuchumaa."

Lourival akahamia upande mwingine wa kiti.

"Kama mke wangu," Lourival akasema.

"Kama mkeo, na mimi, na nusu ya dunia," Daktari Ivonilde akasema. "Hatujafa kwa kuchuchumaa."

Joselma alicheka, akajizuia kwa kiganja, halafu akaona mumewe hacheki, akanyamaza. "Daktari, kata unachotakiwa kukata," akasema. "Mimi nimemzoea huyu mtu, sikumzoea kipande chake."

"Nataka asikie mwenyewe, aseme mwenyewe."

Lourival aliinuka akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Joselma, anayemfahamu, alingoja. "Kata," akasema akiwa amewapa mgongo.

Wakamkata siku iliyofuata.

Alipoamka alikuwa amefungwa bandeji nene kama kilemba, na mpira wa mkojo umetokea katikati yake unaelekea kwenye mfuko. Hakuna aliyeweza kujua kwa kutazama nini kimebaki chini ya kile kilemba. Daktari alikuja, akamwambia vichochoro vyote vimetoka, nyama ya pembeni ni safi. Akataka kuendelea. Lourival akainua mkono, "Usinieleze." Joselma alijua, alielezwa akiwa nje. Lourival akamwambia na yeye asimweleze. Akaanza tena kuzunguka koridoni, mfuko wa mkojo ameutundika kwenye mpini wa fagio, na Adailton, aliyekuwa anangoja zamu ya pili ya kukatwa, akawa anamwita askofu.

"Askofu, baraka!"

"Lala wewe."

"Umeshatazama?"

"Sijatazama."

"Mimi ningetazama. Mimi hata sasa ningebadilishana na wewe nikiwa nimefumba macho." Alisema hivyo kwa utani, kisha akageukia ukutani, na Lourival akabaki amesimama kando ya kitanda chake, mkono juu ya chuma cha kitanda.

Nesi alikuja asubuhi akaondoa bandeji na kuvuta mpira. Lourival alitazama dari mwanzo mpaka mwisho, akiihesabu misumari. Nesi akamfunika kitambaa chepesi, akasema, "Sasa kanywe maji, halafu ukakojoe. Usipokojoa narudisha mpira."

Akanywa maji. Akanywa tena. Akatembea. Tumbo likajaa, likakaza, na yeye anapita mbele ya mlango wa choo kama mtu asiyeujua. Joselma alikuwa amesimama ukutani, mikono kifuani.

"Nenda kakojoe, Lourival."

"Bado."

"Umeshakuwa mjamzito. Nenda."

"Nitaingia nikikuta hakuna mtu."

"Hakuna mtu. Nimeshaangalia."

Alimtazama mkewe usoni akitafuta jibu, lakini uso huo ulikuwa umevunja nazi miaka ishirini, haukumpa kitu. Akaingia. Mlango haukuwa na komeo. Joselma aliusikia upumuaji wake, na kandambili zake zikiburuza saruji kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, humo ndani pasipotosha hata hatua za kuku. Wodi nzima ilikuwa imenyamaza. Hata Adailton alikuwa ameinuka kwa kiwiko.

Kandambili zikasimama. Halafu ukasikika mlio wa maji, wa kukatikakatika kwanza, kisha mfululizo, ukipiga ukutani juu, mahali pasipofikiwa na aliyechuchumaa, ukateremka, ukahamia sakafuni, ukarudi ukutani. Na sauti ya Lourival ikitukana polepole, tusi baada ya tusi, bila hasira.

Maji yakaisha.

"Joselma!" aliita.

"Nini?"

"Niletee kandambili nyingine. Hizi zimeloa."